Jenerali China, Mwanafunzi wa Jangwani

Msafiri aendaye Lokitaung hufika kwanza Lodwar, mji wa Waturkana ulio kando ya mto Turkwel, kisha akashika njia ya kaskazini. Upande wa ziwani kuna Kalokol. Huko kilijengwa kiwanda kikubwa cha samaki kwa msaada wa Norway. Kikafanya kazi kitambo tu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafungwa. Kwetu sisi watu wa pwani habari hii si ngeni. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na cha korosho cha Kilifi nacho kikafuata katika miaka ya 1990.

Je, kiwanda kikifungwa, kijana hubaki na nini? Mimi naona jibu katika maisha ya Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jenerali China.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Shuleni hakukaa sana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingia Keya, akapelekwa Burma, akakutana na watu wa mataifa mengine waliomfumbua macho juu ya hali ya nchi yake. Aliporudi alipata kazi katika reli, kuchochea moto wa garimoshi. Mwaka 1952 akaingia msituni, akawa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya. Januari 1954 alipigwa risasi, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Hukumu ile ikabadilishwa kuwa kifungo, akapelekwa Lokitaung.

Huko alimkuta Jomo Kenyatta, aliyefungwa tangu mwaka 1953. Kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa, Kenyatta alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenziwe. Naye alikuwa mtu wa fani nyingi: ujanani alifunzwa useremala katika misheni ya Thogoto, akasoma mita za maji Nairobi, akahariri gazeti, akasoma London, akasimamia chuo cha walimu Githunguri. Mpishi huyo akawa mwalimu, na jenerali akawa mwanafunzi. Kidogo kidogo Kenyatta akamfundisha Itote Kiingereza, katika nchi ya mawe na joto, pasipo jengo la shule wala cheti.

Sisi tuliosomeshwa chuoni, tumekaa mkekani mbele ya mwalimu mmoja, jambo hili twalielewa vyema. Chuo ni mwenye kujua na mwenye kutaka kujua. Kuta huja baadaye.

Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akakaa hapo hadi mwaka 1961. Itote akaachiliwa mwaka 1962, akaenda Israel kwa mafunzo ya kijeshi. Na elimu aliyoipata hakuificha. Serikali ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, aliingia humo akawa miongoni mwa wakubwa wake, chini ya Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa Starehe. Vijana wasiokuwa na kazi, na wengine waliotoka msituni, walijengeshwa barabara na kufunzwa ufundi. Mwaka 1967 yule aliyejifunza Kiingereza kifungoni akatoa kitabu cha maisha yake kwa lugha hiyo hiyo. Alifariki mwaka 1993.

Ndugu msomaji, mashine za Kalokol zilinyamaza, na za Ramisi pia. Lakini alichokipata Itote Lokitaung hakuna aliyeweza kukifunga kwa kufuli. Huku kwetu wapo wazee wajuao kuunda jahazi, kuchonga milango, kufua vyuma na kushona kofia. Wengi wanazeeka na ujuzi wao kifuani, na vijana wamekaa barazani wakingoja kiwanda kifunguliwe. Kila mzee na amchukue kijana mmoja, na kila kijana asione haya kukaa chini ya fundi. Tukingoja jengo, mafundi hawa watatutangulia kaburini, na ufundi wao tutauzika pamoja nao.