Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Urithi wa Nyumba Yake

Amma baad. Ndugu zetu wanaohudhuria darsa yetu ya hapa Soko la Burma watakumbuka usiku ule vijana wawili waliposhindana mbele yetu kwa nasaba. Mmoja alijitapa kwa babu yake, na mwenzake akamjibu kwa wa kwake, hata maneno yakakaribia kuwa ugomvi. Tuliwanyamazisha, lakini tuliona kuwa kuwanyamazisha tu hakutoshi. Nasaba si jambo la kudharauliwa, wala si jambo la kuegemewa. Basi tumeona tuwaandikie habari za mtu aliyezaliwa katika nyumba yenye nasaba kubwa kuliko nyumba nyingi za pwani hii, tutazame alifanya nini kwa urithi wake. Mtu huyo ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wamazrui asili yao ni Oman. Wareno walipotolewa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, Maimamu wa Oman waliweka maliwali wao katika mji, na katika karne ya 18 uliwali huo ukakaa mikononi mwa Wamazrui. Mabusaidi waliposhika ufalme wa Oman katikati ya karne hiyo, Wamazrui walikataa kuwatii, wakajitawalia wenyewe. Nguvu yao ikafika hata Pemba. Lakini mapema katika miaka ya 1820 Pemba iliwatoka. Mwaka 1824 wakaomba ulinzi wa Waingereza, na nahodha Owen akapandisha bendera yake Mombasa. Serikali ya Uingereza haikuukubali mpango ule, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa.

Seyyid Said bin Sultan alipeleka majeshi Mombasa zaidi ya mara moja asiweze kuushika mji. Kilichompa mji mwishowe ni mfarakano wa wenyeji wake. Liwali Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835, jamaa waligombania kiti, na watu wa mji wakagawanyika. Mwaka 1837 Mombasa ikaingia mikononi mwa Seyyid. Wakuu wa Wamazrui wakakamatwa, wakapakiwa merikebuni, wakapelekwa Ghuba ya Uajemi kufungwa. Waliosalimika walihamia Takaungu upande wa kaskazini na Gasi upande wa kusini.

Kisa hicho kilirudi tena baada ya miaka hamsini na kitu. Mwaka 1895 alikufa mkuu wa Takaungu, na jamaa wakagombania nafasi yake. Waingereza wakamtaka huyu, wengine wakamtaka yule, na hapo ndipo vilipozuka vita ambavyo Mbaruk bin Rashid wa Gasi aliingia kwa nguvu zake zote. Alipigana hata mwaka 1896, akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wadachi, naye akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Tunaomba msomaji azingatie: mara mbili nyumba hii iligawanyika kwa kugombania urithi, na mara mbili mgeni akapita katika ufa ule.

Lakini palikuwa na urithi mwingine katika nyumba hiyo hiyo. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825, alikuwa mtoto Mombasa ilipoanguka. Yeye hakutafuta ngome. Alitafuta elimu hata Makka, akarudi akasomesha na kuhukumu. Aliisema haki kama alivyoiona katika mambo ya itikadi, na kwa sababu hiyo akatiwa kifungoni Unguja zama za Seyyid Barghash, asitoke ila baada ya Seyyid huyo kufariki mwaka 1888. Naye Sheikh Ali akatawafu mwaka 1894, akaacha vitabu, wanafunzi, na mtoto mdogo aliyezaliwa mwaka 1891. Mtoto huyo ndiye Al-Amin.

Al-Amin basi alikuwa yatima kabla hajajua kusoma, na vita vya Mbaruk vilipigwa yeye akiwa na umri wa miaka minne na mitano. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Tena akenda Unguja kuchukua elimu kwa maulamaa wakubwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Hakusimama hapo. Alisoma jarida la Al-Manar lililotoka Misri kwa Sayyid Rashid Ridha, na humo akaona kuwa udhaifu wa Waislamu haukuletwa na dini yao, bali na kuiacha elimu, ya dini na ya dunia.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Magazeti hayo hayakudumu sana, lakini maneno yake yalidumu, na baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Humo aliwakemea watu wake mwenyewe: kupoteza mali katika arusi na matanga, kuwanyima watoto wa kike elimu, kuona haya kufanya kazi za mikono, kumwiga Mzungu katika mavazi na anasa na kumwachia ujuzi wake, na kuuza mashamba ya wazee kwa bei ya karamu. Wengi walikasirika. Yeye hakunyamaza.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Wapo wanaouliza: imekuwaje mtu wa ukoo uliopigana na Mwingereza akakubali cheo chini ya serikali yake? Swali hili ni la haki, wala hatulifichi. Jawabu letu ni kuwa Waislamu walihitaji mtu wa kuwaamulia ndoa zao, talaka zao na mirathi yao kwa sheria yao. Kama mjuzi angekikataa kiti, angekikalia asiyejua. Na magazeti yake ni shahidi kuwa aliyajua madhara ya ukoloni, akayasema kabla hajashika kazi hiyo.

Tena aliandika tarehe ya ukoo wake kwa Kiarabu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa mwaka 1995, karibu miaka hamsini baada ya kufa kwake. Alianza pia kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, kwani tangu mwaka 1923 ilikuwapo tafsiri ya Padri Godfrey Dale, na Waislamu hawakuwa na yao. Mauti yalimfikia mwaka 1947 kazi hiyo haijatimia.

Je, ni nani waliomrithi? Mwanawe Ali alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitamani mtoto huyo apelekwe Al-Azhar. Hakwenda huko, bali akawa profesa wa Makerere, kisha wa Marekani, akajulikana ulimwenguni kwa maandishi yake juu ya Afrika. Alikufa huko mwezi wa Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya wazee wake, karibu na ile Ngome. Lakini warithi hawakuwa wa damu tu. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa wa ukoo wake, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mtu wa Unguja, hakuwa wa ukoo huo. Wote wawili walifuata nyayo zake, na wote wawili wakawa Makadhi Wakuu wa Kenya. Ni huyu wa pili aliyeitimiza tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, ikachapwa na Islamic Foundation hapa Nairobi mwaka 1969. Ndiyo msahafu tunaoufungua katika darsa yetu.

Basi tunawarudia vijana wetu wawili. Soko hili limeitwa Burma kwa kumbukumbu ya vita walivyopigana askari wetu katika nchi ya mbali, na wazee wengi wa Shauri Moyo walihamishwa kutoka Pangani nyumba zao zikabomolewa. Kila mmoja wetu ana babu aliyepata taabu. Waulizeni wazee habari hizo wangali hai, mziandike kwa ukweli, mazuri na makosa. Kisha jiulizeni ninyi mtaacha nini. Ngome ya Wamazrui leo ni nyumba ya makumbusho, watu hulipa kuingia. Elimu yao ingali inasomwa bure kila usiku hapa kando ya maduka ya nyama.

Wabillahi tawfiq.