Jaji Aliyemwekea Mfalme Mpaka

Edward Coke, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1552, alipanda vyeo hata akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika kazi hiyo alikuwa mkali mno. Mwaka 1603 alimshtaki Walter Raleigh kwa maneno ya matusi mbele ya mahakama. Wakati huo nani angalimdhania kuwa mtetezi wa raia?

Lakini alipokuwa jaji alishikilia kwamba mfalme naye yu chini ya sheria, wala hawezi kukata kesi yeye mwenyewe. Mwaka 1616 Mfalme James I alimwondoa katika ujaji. Coke akarudi Bungeni. Huko nako msimamo wake ukamtia kifungoni katika Mnara wa London.

Mwaka 1627 Mfalme Charles I aliwafunga watu waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima, bila kuwatajia kosa. Watano wakaenda mahakamani, nayo ikakataa kuwaachia. Ndipo Coke, mzee aliyepita miaka 70, alipowaongoza Wabunge kuandika Ombi la Haki la mwaka 1628: pasitozwe kodi bila idhini ya Bunge, mtu ye yote asifungwe bila kutajiwa sababu, wala askari wasilazwe kwa nguvu majumbani mwa raia.

Mfalme alikubali shingo upande, kisha tangu 1629 akatawala miaka 11 bila Bunge. Coke alikufa mwaka 1634, na makaratasi yake yakachukuliwa kwa amri ya mfalme. Ombi lilibaki.

Basi sheria haijilindi yenyewe. Hulindwa na watu wasiochoka kuidai.