Morihei Ueshiba: Jamaa Mfupi Aliyeanza Mazoezi Juu ya Hasira, Akaachia Dunia Aikido

Kama ulikulia mtaa wenye ulikuwa na kibanda cha video, basi Steven Seagal unamjua. Ule buda mrefu, nywele imefungwa nyuma, hana haraka na mtu. Msee anamkujia na kisu, Seagal anasonga kando kidogo tu, anashika mkono, anaukunja, na jamaa anajipata hewani miguu ikiangalia dari. Hio kitu inaitwa aikido, na kabla aingie Hollywood, Seagal alikuwa anaifunza huko Osaka, Japani.

Tofauti ni moja. Kwa muvi lazima mkono uvunjike ndio watu wapige nduru. Lakini mzee mwenye aliunda aikido alimaliza maisha yake akifunza kitu ingine kabisa: ukivunja mkono wa mtu na ungeweza kumtuliza bila kumvunja, hapo hujashinda.

Huyo mzee anaitwa Morihei Ueshiba. Alidedi 1969. Na usidhani alizaliwa malaika. Hii risto yake iko na magoons, iko na pingu, na iko na wanajeshi wenye hawangefaa kuwa kwa maisha ya mtu wa amani.

Mtoi wa kuugua ugua

Ueshiba alizaliwa tarehe 14 Desemba 1883 huko Tanabe, mji wa pwani kwa mkoa wa Wakayama. Mzae wake, Yoroku, alikuwa na mashamba, alikuwa na doo, na alikuwa mwanasiasa wa hapo mtaani. Morihei ndiye alikuwa kijana pekee kwa hio boma, wengine wote wasichana. Alikuwa mdogo wa mwili, mgonjwa kila saa, na alipenda vitabu kuliko kutoka nje. Mzae akaona hapana, akamsukuma kwa kuogelea na mieleka ya sumo.

Kitu yenye inasemekana ilimwasha kabisa ni siasa. Wapinzani wa mzae wake walikuwa wanatuma magoons kumpiga. Mkenya hahitaji kuelezewa hio kitu inaendanga aje. Mtoi anaona baba yake akishukishwa hivo, na hawezi fanya chochote. Akaapa atakuwa na nguvu ya kuwafunza adabu. Kwa hivyo mwanzo wa haya mazoezi yote haukuwa amani. Ilikuwa kisasi.

Akiwa barobaro alienda Tokyo kuhustle, akafungua biashara ya kuuza vifaa vya kuandikia. Jioni alikuwa anafanya jujutsu. Lakini akapata beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1 wenye unamaliza nguvu ya miguu, ikabidi arudi home. Huko akaoa Hatsu, dame wenye walijuana tangu utotoni.

Kisha jeshi likamkataa. Sababu? Urefu. Jamaa alikuwa kama sentimita 157 tu, na hakufikisha kipimo. Inasemekana aliingia msituni, akajifunga vitu vizito kwa miguu na kuning'inia kwa matawi ya miti ndio mgongo unyooke. Iwe hio ndio ilisaidia ama la, aliporudi walimchukua, na akapigana kwa vita vya Japani na Urusi vya 1904 hadi 1905.

Baridi ya Hokkaido na mwalimu mkali

1912 aliongoza familia 54 kuhamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye baridi yake si mchezo. Serikali ilikuwa inataka watu wafungue mashamba huko. Wakajenga kijiji pahali panaitwa Shirataki. Miaka ya kwanza mavuno yalikataa, watu walisota kabisa, kabla mambo ya mbao na kilimo cha minti yashike. 1917 moto ukaingia kijiji, ikabidi waanze kujenga tena.

Ni huku Hokkaido, mwaka wa 1915, alipatana na Sokaku Takeda. Huyu alikuwa mzee mfupi hata kumshinda, lakini wasee walimwogopa. Alifunza Daito-ryu, mtindo wa zamani wa kukunja viungo na kutupa watu. Ueshiba, mwenye saa hio alikuwa amejaa misuli, akapata kwamba nguvu zake hazifanyi kazi kwa huyu mzee. Akawa mwanafunzi wake. Alimlipa, alimpikia, na hata nyumba akamjengea.

Mbinu nyingi za aikido zenye unaziona leo zimetoka kwa Takeda. Hio lazima isemwe. Chenye Ueshiba alibadilisha ni sababu ya kuzitumia.

Mwaka wa machozi

Mwisho wa 1919 ujumbe ukafika kwamba mzae ako karibu kufa. Ueshiba akamwachia Takeda nyumba, akashika njia. Lakini badala ya kunyoosha moja kwa moja hadi nyumbani, akapitia mji wa Ayabe kuomba kwa watu wa Omoto, dini mpya yenye ilikuwa inaongozwa na Onisaburo Deguchi. Alipofika Tanabe mwanzo wa Januari 1920, mzae alikuwa ameshaenda.

Hio ilimvunja. Akachukua familia akahamia Ayabe kuishi karibu na Deguchi. Na hata kabla mwaka uishe, vijana wake wawili wadogo wakafa kwa ugonjwa. Fikiria hio: baba na watoto wawili, ndani ya mwaka mmoja. Na yeye ndiye huyo mwenye alikuwa amejenga mwili miaka yote akidhani ukiwa na nguvu utaweza kulinda watu wako.

1921 akapata kijana mwingine, Kisshomaru. Kumbuka hilo jina.

1924 Deguchi akakuja na mpango wa kwenda Mongolia kuanzisha ufalme wa amani, na Ueshiba akaenda kama mlinzi wake. Mambo yakaenda mrama. Wakashikwa na wanajeshi wa China, wakafungwa minyororo, na walikuwa karibu kupigwa risasi. Waliokolewa na maofisa wa ubalozi wa Japani dakika za mwisho. Kuna picha yao wakiwa wamefungwa, hadi leo iko.

Kisima, bustani na mwanga

1925 ofisa mmoja wa jeshi la majini, fundi wa upanga, alikuja kumjaribu. Jamaa ako na upanga wa mbao, Ueshiba hana kitu. Ofisa anarusha, Ueshiba hayuko. Anarusha tena, hayuko. Iliendelea hivo hadi ofisa akachoka mwenyewe akakaa chini. Hakuna ngumi ilirushwa.

Baada ya hapo Ueshiba akatoka nje kwa bustani kunawa kwa kisima. Vile alisimulia mwenyewe, alihisi ardhi inatetemeka na mwanga wa dhahabu unamfunika. Hapo akaelewa kwamba kazi ya mpiganaji si kuangusha watu, ni kulinda kila kitu chenye kiko hai. Unaweza amini huo mwanga ama uuache. Lakini kile kitu kilitangulia hakihitaji imani: alishinda mtu bila kumgusa, na adui akaenda nyumbani mzima. Ile hasira ya utotoni ikakosa kazi.

Sehemu yenye watu hupenda kuruka

Sasa hapa ndio noma. Alipohamia Tokyo 1927, mashabiki wake wakubwa walikuwa mabigi wa jeshi, mmoja wao Admirali Isamu Takeshita. 1931 akafungua dojo yake, Kobukan, na mazoezi yalikuwa makali hadi watu wakaibandika jina la dojo ya jehanamu. Jigoro Kano, yule mwenye aliunda judo, alikuwa amemtembelea 1930, akabamba, na akatuma wanafunzi wake wakajifunze. Kulikuwa hata na wanawake kwa hio mkeka. Takako Kunigoshi ndiye alichora michoro ya kitabu cha mbinu zake cha miaka ya 1930.

Lakini pia alifunza kwa shule za jeshi, pamoja na Nakano, yenye ilikuwa inatoa majasusi. Marafiki zake wengine walikuwa wale wa siasa kali wenye walitaka Japani itawale Asia. Hili ndilo jeshi lenye lilifanya unyama China. Kwa hivyo mtu mwenye alisema amegundua kwamba vita ni upendo, alikuwa anapea ujuzi watu wa kuua. 1935 serikali ilipovamia Omoto na kumtupa Deguchi ndani, Ueshiba hakushikwa, juu alikuwa na wanafunzi ndani ya polisi. Kuna wenzake wa dini wenye walimwona msaliti.

Hatuwezi kuipaka rangi hio. Chenye tunaweza angalia ni alifanya nini baadaye. 1942, vita ikiwa moto, aliacha vyeo vyake vyote Tokyo, akahama na Hatsu hadi Iwama, kijiji cha mashambani, akaanza kulima na kujenga hekalu ndogo. Mwaka huo huo ndio jina aikido lilianza kutumika rasmi. Ai ni kupatana, ki ni nguvu ya uhai, do ni njia.

Japani ikapigwa 1945, Wamarekani wakaingia, na sanaa za kupigana zikapigwa marufuku. Ueshiba akabaki na jembe. Kisshomaru, yule kijana wa 1921, ndiye alihakikisha dojo ya Tokyo haichomeki kwa mabomu, na vita ilipoisha familia zenye zilipoteza nyumba zikaishi humo ndani. Iwama nayo, 1946, alikuja Morihiro Saito, chali wa miaka 18, na akaendelea kujifunza hapo kando na kazi yake ya reli kwa miaka mingi. 1948 serikali mpya ikakubali kusajili shirika la Aikikai, na kutoka hapo aikido ikasambaa. 1961 mzee mwenyewe akapanda ndege hadi Hawaii.

Hii kitu inafanyika aje?

Aikido hufanywa na watu wawili. Mmoja anashambulia, mwingine anapokea. Ukishambuliwa husukumani. Unaingia kando yake ama unazunguka naye, ile nguvu alikuja nayo inaendelea kwenda, na wewe unaielekeza tu chini. Kotegaeshi, ile ya kukunja kifundo cha mkono, inafanya kazi hivo. Haikutaki uwe mkubwa. Inakutaka usipanik.

Halafu mnabadilishana. Wewe wenye umetupa, sasa unatupwa. Ndio maana kitu ya kwanza unafunzwa ni kuanguka bila kuumia. Kila mtu anamkopesha mwenzake mwili wake, na ukimvunja leo, kesho huna mtu wa kufanya naye mazoezi. Bosi, kijana wa reli, dame wa chuo na mzee wa miaka 70 wote wanainamiana na wote wanaanguka.

Ueshiba alikataa mashindano. Hakuna mshindi, hakuna mkanda wa ubingwa. Kwake mtu wa kushindana naye ni yule mwenye ako ndani yako, yule anataka kulipiza. Wengi husema hio ni uoga, na kuna wanafunzi wake, kama Kenji Tomiki, walienda wakaanzisha aikido ya mashindano. Hio bishano haijaisha. Lakini angalia mtu mwenye alikuwa anasema: si msee mwenye hakuwahi kuona vita. Alipigana, alifungwa pingu, alizika watoi, na aliona wanafunzi wake wakienda vitani na wengine hawarudi. Alikuwa amejaribu ile njia ya nguvu hadi mwisho wake.

Aliendelea kuingia kwa mkeka akiwa na ndevu nyeupe na mwili umekonda, akitupa vijana wa nusu ya miaka yake. Kansa ya ini ikamchukua tarehe 26 Aprili 1969, akiwa na miaka 85. Hatsu alimfuata miezi miwili tu baadaye. Kisshomaru akachukua usukani hadi alipokufa 1999, na leo mjukuu, Moriteru, ndiye anaongoza.

Kwa hio ukoo hakuna mwenye alirithi mkanda wa bingwa, juu haukuwahi kuwa. Walichorithi ni dojo, na zamu ya kuanguka kama kila mtu.