Zaid bin Haritha: Mwana Aliyevuliwa Jina Asivuliwe Heshima

Waarabu wa karne ya 6 hawakuwa na serikali wala mahakama ya kumlinda mtu. Kilichomlinda kilikuwa ukoo wake. Aliyeuawa alilipiziwa kisasi na jamaa zake, aliyetekwa alikombolewa na jamaa zake, na asiyekuwa na jamaa hakuwa na mtetezi. Jina la mtu halikuwa pambo tu. Kulitaja jina la baba na la babu kulikuwa sawa na kuonyesha ngao. Katika jamii hiyo aliishi Zaid bin Haritha, ambaye jina lake lilibadilika mara mbili akiwa hai: mara ya kwanza kutokana na uamuzi wake mwenyewe, na mara ya pili kwa amri ambayo hakuiomba. Wasomaji wa sira ya Mtume Muhammad (S.A.W.) wanamfahamu kama mmoja wa watu wa kwanza kusilimu. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuzingatia swali moja lililomwandama tangu utotoni hadi kaburini: je, heshima ya mtu hutokana na nasaba yake au na jambo jingine?

Mtoto wa mnadani

Zaid alizaliwa katika kabila la Banu Kalb, lililokaa kaskazini mwa Bara Arabu kuelekea Shamu. Baba yake aliitwa Haritha bin Sharahil. Mama yake, Suda binti Thaalaba, alitoka kwa Banu Maan, tawi la kabila la Tayyi. Masimulizi ya sira yanaeleza kwamba mama huyo alifunga safari kwenda kuwazuru watu wa kwao akifuatana na mwanawe, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 8. Wakiwa huko, wapanda farasi wa Banu Qayn walivamia, wakamteka mtoto na kumpeleka katika soko la Ukadh, karibu na mji wa Taif.

Ukadh lilikuwa soko la msimu lililovuma kwa biashara na kwa mashindano ya ushairi. Kwa Zaid, lilikuwa mahali pa mnada. Hakim bin Hizam, mfanyabiashara wa Kikureshi, alimnunua kwa bei inayosimuliwa kuwa dirham 400 na kumpelekea shangazi yake, Bi Khadija binti Khuwailid. Bi Khadija alipoolewa na Muhammad mnamo mwaka wa 595, alimtunukia mumewe kijana huyo.

Huko kwao, Haritha hakujua iwapo mwanawe alikuwa hai au alikuwa ameshazikwa. Alimsaka bila mafanikio, na akatunga mashairi ya kumlilia. Katika jamii ambayo wachache sana walijua kusoma na kuandika, shairi lilifanya kazi ya tangazo: lilihifadhiwa kwa moyo na kusafiri midomoni mwa watu kutoka kambi moja hadi nyingine. Msimu mmoja wa kuhiji, watu wa Banu Kalb waliofika Makka walimwona Zaid wakamtambua, naye akawatambua. Aliwapa ujumbe wa kishairi wawapelekee wazazi wake, wapate kujua kwamba yu salama na yu mikononi mwa watu wema.

Uamuzi mbele ya baba wawili

Haritha na nduguye Kaab hawakukawia. Walichukua mali ya kumkombolea kijana wao na kushika njia ya Makka. Walimwendea Muhammad, wakamsihi kwa heshima ya ukoo wake awauzie Zaid kwa fidia yoyote atakayoitaka. Muhammad hakutaja bei. Alishauri kijana aitwe na aachiwe achague: akipenda kurudi na baba yake, aende bila fidia, akipenda kubaki, yeye hatamfukuza mtu aliyemchagua. Baba na ami yake waliona kwamba wametendewa zaidi ya haki, kwani nani angefikiri kwamba mtumwa atachagua kubaki?

Zaid aliitwa. Aliwatambua baba yake na ami yake, kisha akachagua kubaki na Muhammad. Jamaa zake walipigwa na butwaa. Walimlaumu kwa kuupendelea utumwa kuliko uhuru, na nyumba ya watu kuliko nyumba ya babake. Zaid alishikilia kwamba alikuwa ameyaona kwa mtu huyu mambo yasiyomruhusu kumbadilisha kwa mtu mwingine yeyote.

Ifahamike kwamba tukio hili lilitangulia mwaka wa 610, kabla ya utume kuanza. Zaid hakumchagua nabii, wala hakuwa na ahadi ya dini yoyote mpya. Alimchagua mwanadamu kwa mwenendo alioushuhudia ndani ya nyumba, mahali ambapo tabia ya mtu haifichiki kwa wanaomtumikia.

Muhammad alimshika mkono, akaenda naye kwenye Hijri, kando ya Al-Kaaba, na kuwashuhudisha Makureshi kwamba Zaid alikuwa mwanawe, atakayemrithi na kurithiwa naye. Haritha alirejea kwao akiwa ametulia moyo. Tangu siku hiyo watu wa Makka walimwita kijana huyo Zaid bin Muhammad. Aliyeingia mjini akiwa bidhaa alipata ngao ya Banu Hashim.

Mfuasi wa mwanzo

Wahyi ulipoanza kushuka, Zaid alikuwa miongoni mwa watu wanne wanaotajwa kuutangulia umma katika imani, pamoja na Bi Khadija, Ali bin Abi Talib na Abubakar. Mtume alimwoza Ummu Ayman, ambaye jina lake lilikuwa Baraka, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume mwenyewe baada ya kufiwa na mama yake. Katika ndoa hiyo alizaliwa Usama.

Takriban mwaka wa 619, baada ya Bi Khadija na Abu Talib kufariki, Mtume alikwenda Taif kutafuta watu wa kumsikiliza. Masimulizi yanasema kwamba aliyefuatana naye alikuwa Zaid. Wakuu wa Taif walimkataa Mtume na kuwachochea watoto na wapumbavu wa mji wamrushie mawe. Zaid alijifanya ngao, akapokea mawe hayo kwa mwili wake hadi kichwa chake kikapasuka. Taif si mbali na Ukadh. Katika eneo lile lile alikouzwa utotoni, sasa alitoka damu kwa ajili ya mtu aliyemchagua mwenyewe.

Baada ya Hijra ya mwaka wa 622, Mtume alimtuma Zaid pamoja na Abu Rafii kurudi Makka kuwachukua watu wa nyumbani kwake, wakiwemo mabinti zake Fatma na Ummu Kulthum. Kazi kama hiyo hupewa mtu wa ndani, na ilikuwa ya hatari. Mwaka wa 624, baada ya vita vya Badri, Zaid na Abdullah bin Rawaha walitumwa kutangulia Madina na habari ya ushindi. Zaid alifika amepanda ngamia wa Mtume wakati watu wakimaliza kumzika Ruqayya, binti wa Mtume. Wengine walipomwona juu ya ngamia yule walidai kwamba Mtume ameuawa. Hata Usama, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, alimwendea babake faraghani kumuuliza kama habari ya ushindi ilikuwa kweli.

Jina linarudi kwa mwenyewe

Usawa ambao dini mpya iliuhubiri ulipambana na mazoea ya kale hata nyumbani mwa waumini. Mtume alipomposea Zaid binamu yake, Bi Zainab binti Jahshi, bibi huyo na kaka yake hawakuridhia mwanzoni. Mama yake Zainab alikuwa binti wa Abdul Muttalib, na mwanamume aliyeposa alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Hatimaye Zainab alikubali kwa kutii, lakini ndoa haikupata utulivu. Zaid alimlalamikia Mtume mara kwa mara, na Mtume alimtaka amshike mkewe. Mwishowe Zaid alimtaliki.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, zilishuka aya za Sura ya Al-Ahzab zilizobadilisha desturi ya kupanga wana. Waumini waliamrishwa kuwaita watoto wa kulea kwa majina ya baba zao wa kuwazaa, na ikabainishwa kwamba mtaliki wa mwana wa kulea si haramu kwa mlezi. Mtume alimwoa Bi Zainab, na mwiko wa Waarabu ukavunjwa na yeye mwenyewe. Zaid bin Muhammad akarudi kuwa Zaid bin Haritha.

Si vigumu kuona uzito wa amri hiyo kwake. Jina alilovuliwa ndilo alilolipata kwa kumkataa baba yake mzazi hadharani, na alikuwa amelibeba kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika aya ya 37 ya sura hiyo hiyo, Zaid ametajwa kwa jina lake. Hakuna sahaba mwingine yeyote aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani, si Abubakar, si Umar, si Ali. Wanazuoni wengi wameona katika jambo hilo liwazo: aliyekosa kuitwa mwana wa Mtume amepewa jina linalosomwa katika sala kizazi baada ya kizazi.

Hukumu hiyo ingali hai. Sheria ya Kiislamu inahimiza kumlea yatima lakini haifuti nasaba yake. Utaratibu huo huitwa kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka wa 2022 imeutambua. Kiswahili cha leo nacho kina kitenzi kuasili, kwa maana ya kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria. Kitenzi hicho kimejengwa juu ya neno asili, yaani chimbuko, jambo lile lile ambalo hukumu ya Al-Ahzab ilikataa lihamishwe.

Suala la nasaba liliigusa nyumba ya Zaid kwa njia nyingine pia. Zaid alikuwa mweupe na Usama mweusi kama mamake, na wako waliotilia shaka uzazi wake. Siku moja Mujazziz wa Banu Mudlij, mtu mwenye ujuzi wa kutambua nasaba kwa maumbile, aliwakuta wawili hao wamelala, vichwa vimefunikwa na nyayo zi wazi. Alizitazama nyayo hizo na kusema kwamba zimetokana. Mtume alifurahi mno, akaingia kwa Bi Aisha uso ukimng'aa.

Bendera ya Muta

Kuvuliwa jina hakukumpunguzia Zaid imani aliyowekewa. Bi Aisha amepokewa akieleza kwamba Mtume hakumtuma Zaid katika jeshi ila alimfanya kiongozi wake. Mwaka wa 629, baada ya mjumbe wa Mtume kuuawa katika nchi ya Shamu, liliandaliwa jeshi la watu 3,000. Uongozi alipewa Zaid. Akiuawa, angefuata Jaafar bin Abi Talib. Naye akiuawa, angefuata Abdullah bin Rawaha. Jaafar alikuwa binamu wa Mtume, wa damu halisi ya Banu Hashim, lakini aliwekwa chini ya mtu aliyewahi kuuzwa sokoni.

Majeshi yalikutana Muta, katika nchi ambayo leo ni Jordan, na Waislamu wakajikuta wakikabiliana na jeshi la Warumi na washirika wao Waarabu lililowazidi mno kwa idadi. Zaid aliishika bendera akapigana hadi mikuki ikamwangusha, akiwa na umri wa takriban miaka 50. Jaafar akaipokea akauawa, kisha Abdullah, yule mwenzake wa kupeleka habari za Badri, akauawa naye. Khalid bin Walid ndiye aliyeliondoa jeshi lililosalia kwa ustadi. Huko Madina, Mtume aliwatangazia watu vifo hivyo huku machozi yakimtiririka. Inasimuliwa kwamba binti wa Zaid alipomjia akilia, Mtume naye alilia hadi kwikwi zikamshika.

Urithi wa Usama

Mwaka wa 632, katika siku zake za mwisho, Mtume alimteua Usama, kijana asiyezidi miaka 20, kuongoza jeshi la kwenda upande ule ule alikouawa babake. Chini yake walikuwamo wazee wa Kikureshi, akiwemo Umar. Watu walinung'unika. Mtume, ingawa mgonjwa, aliwakumbusha kwamba walikuwa wameulaumu pia uongozi wa babake, na kwamba baba alistahiki kama mwana anavyostahiki. Baada ya Mtume kufariki, Abubakar alikataa kumwondoa. Alimsindikiza akitembea kwa miguu ilhali Usama yu juu ya farasi, na akamwomba ruhusa ambakishie Umar Madina.

Miaka kadhaa baadaye, Umar akiwa khalifa, alipanga posho za Waislamu na kumpa Usama zaidi ya alichompa mwanawe mwenyewe, Abdullah. Abdullah alipotaka kujua sababu, Umar alimjibu kwamba Zaid alipendwa na Mtume kuliko Umar, na Usama alipendwa kuliko Abdullah. Hakuna aliyezungumzia Banu Kalb, wala Banu Hashim, wala soko la Ukadh. Kipimo alichotumia khalifa kilikuwa kile kile alichotumia Zaid siku alipowekwa mbele ya baba wawili.