Ada Lovelace na Mtambo Ambao Haukujengwa

Chama kiliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mwanasiasa ama mwanariadha. La! Nimemchagua mwanamke Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1852, kwa sababu ndiye aliyenizuia nisiache somo la tarakilishi.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2023 sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Za shule zilikuwa chache, tukawa tunakaa watatu watatu, na wa katikati ndiye anayeandika. Mimi nilikuwa wa pembeni kila mara. Tena huku kwetu, ukitoka Kisii mjini mpaka Nyamira, radi ikianza kunguruma watu hutafuta mshumaa. Siku tuliyoanza kutengeneza kurasa za wavuti, zamu yangu ilipofika tu, stima ikapotea. Nikafunga daftari, nikasema basi, hili si somo la watu kama mimi. Mwalimu hakunigombeza. Alisimama mlemle gizani akatusimulia habari za Ada.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Babake alikuwa Lord Byron, malenga aliyevuma Ulaya nzima. Ndoa ilivunjika Ada akiwa mchanga wa mwezi mmoja hivi, baba akaihama Uingereza mwaka wa 1816, wala hawakuonana tena. Byron alifia Ugiriki mwaka wa 1824. Mama naye, kwa kuchelea binti asije akafuata nyayo za babake, alimtafutia walimu wa hesabu. Enzi hizo vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake, kwa hivyo alisomea nyumbani. Mwaka wa 1829 ukambi ulimlaza, miguu ikapooza, na ikambidi atembee kwa magongo. Masomo hakuyaacha.

Mwaka wa 1833, akiwa na miaka 17, alikutana na mwanahisabati Charles Babbage. Bwana huyu baadaye alichora mtambo mkubwa wa magurudumu yenye meno, ambao ungepokea maagizo kwa kadi zilizotobolewa matundu. Wazo la kadi lilitoka katika mitambo ya kufumia vitambaa ya Jacquard huko Ufaransa, ambamo matundu ndiyo yaliyoongoza nyuzi mpaka maua yakatokea.

Ada aliolewa mwaka wa 1835, akajaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1843 alitafsiri makala ya Kifaransa ya Luigi Menabrea kuhusu mtambo huo, kisha akaongeza maelezo yake mwenyewe. Maelezo yakaizidi makala karibu mara tatu! Humo alipanga, hatua baada ya hatua, jinsi mtambo ungekokotoa namba za Bernoulli. Aidha, aliona kwamba chombo kama hicho kingeweza kushughulikia hata muziki, mradi tu uwekwe katika kanuni. Wengi humwita mwanaprogramu wa kwanza duniani, ingawa wapo wanaobisha kwamba Babbage alimtangulia.

Hakuwa malaika. Alicheza kamari ya farasi akaingia madeni. Saratani ilimwua tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, umri uleule aliofia babake, na akazikwa kando yake. Mtambo wenyewe haukuwahi kukamilika. Babbage naye akafa mwaka wa 1871 akiuacha michoroni. Lakini mwaka wa 1979 jeshi la Marekani liliipa lugha yake ya programu jina la Ada.

Mwalimu alipomaliza, niliona haya. Mama wa watu aliandikia mtambo ambao hakuuona maishani, na mimi nimekata tamaa kwa kungoja stima ya kesho? Nikafungua daftari, nikaandika ukurasa wangu wa HTML kwa kalamu, kando ya dirisha. Kesho yake nikauandika kwenye mashine. Ukurasa mzima ukatokea kwa wino mzito! Kumbe nilifungua alama moja nikasahau kuifunga. Nikarudi daftarini, nikaiona, nikarekebisha. Jina la Ada likakaa pale juu, na habari zake chini yake.

Leo ni mimi ninayewafunza wadogo zangu katika chama cha tarakilishi. Nikianza historia, naanza na Ada. Nikifika kwenye kurasa za wavuti, kila mmoja hutoa kalamu na karatasi kwanza, awe wa katikati au wa pembeni. Wengine hunung'unika. Radi ikipiga, hakuna anayefunga daftari.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Kalamu yangu naitua hapa.