Nabongo Mumia: Mfalme ambaye nguvu zake zilitoka katika ghala la mkulima

JINA la Nabongo Mumia hutajwa katika historia ya Kenya kama la mfalme aliyewapokea Waingereza magharibi mwa nchi. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba utawala wake ulisimama juu ya chakula, na chakula hicho kilitoka katika mashamba madogo ya familia za Wanga, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Kakamega.

Mumia alitawazwa mnamo 1882 baada ya kifo cha babake, Nabongo Shiundu. Makao yake yalikuwa Elureko, karibu na mto Nzoia, mahali ambapo baadaye palipewa jina lake na kuitwa Mumias.

Ardhi ya huko ilikuwa na rutuba na mvua ilinyesha misimu miwili kwa mwaka. Familia zilipanda mtama, wimbi, ufuta, kunde na viazi vitamu, kila zao kwa wakati wake, ili moja likiharibika jingine liokoe nyumba. Sehemu kubwa ya kazi ya jembe ilikuwa mikononi mwa wanawake. Nafaka iliyokauka ilihifadhiwa ghalani kungojea miezi ya upungufu.

Ziada hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani. Baada ya safari ndefu katika nchi kame za bara, walihitaji kituo cha kupumzisha wapagazi na kununua chakula kabla ya kuendelea Uganda. Walileta nguo, shanga, nyaya na bunduki, wakaondoka na posho na pembe za ndovu. Dini ya Kiislamu nayo ikaingia kwa njia hiyo, na ingali na mizizi Mumias.

Mvumbuzi Joseph Thomson alifika huko mnamo 1883. Miaka miwili baadaye alipita Askofu James Hannington, ambaye aliuawa Busoga Oktoba 1885 akielekea Buganda. Kutoka hapo njia hiyo ikajulikana Ulaya, na Elureko ikawa kituo ambacho msafara wowote haungeweza kukipuuza.

Waingereza walipoanzisha utawala wao hapo katikati ya miaka ya 1890, chini ya C. W. Hobley, walihitaji kitu kile kile: chakula cha kulisha askari na wapagazi wao. Mumia aliwapa chakula na wapiganaji. Kwa malipo, alipata msaada wa silaha dhidi ya majirani zake, wakiwemo Wabukusu walioshambuliwa na kushindwa mwaka wa 1895.

Mwaka wa 1909 alitangazwa kuwa chifu mkuu. Ndugu zake waliwekwa kuwa watawala wa maeneo mengine: Murunga kwa Wabukusu na Mulama kwa Wamarama. Uteuzi huo ulizua chuki iliyodumu kwa miaka mingi, kwa sababu jamii hizo hazikuwahi kumtambua Nabongo kama mfalme wao.

Hata hivyo, wakati huo huo msingi wa nguvu zake ulikuwa ukibomoka. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na misafara iliyotegemea maghala ya Wanga ikatoweka. Kodi ya nyumba, ambayo mwanzoni ililipwa hata kwa mazao au kazi, ikaanza kudaiwa kwa fedha taslimu.

Kwa familia ya mkulima, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Nafaka iliyokuwa akiba sasa iliuzwa kulipa kodi. Wanaume waliondoka kutafuta vibarua katika reli na mashamba ya walowezi, wakawaachia wanawake mzigo wote wa shamba. Mahindi nayo yakaenea, yakichukua polepole nafasi ya mtama na wimbi.

Mwaka wa 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Dhahabu ilipopatikana karibu na mji huo mnamo 1931, serikali ilibadilisha sheria mwaka uliofuata ili ardhi ya wenyeji iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila wao kupewa ardhi nyingine. Mfalme mzee hakuwa tena na uwezo wa kuzuia lolote.

Mumia alifariki Aprili 1949 akiwa mkongwe sana. Zaidi ya miaka 20 baadaye, kiwanda cha sukari kilijengwa katika mji unaobeba jina lake, na kikaanza uzalishaji mwaka wa 1973. Familia nyingi zilipanda miwa, zao linalokaa shambani kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, kwenye ardhi iliyokuwa ya chakula.

Kampuni hiyo ilipolemewa na madeni na kuwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2019, wakulima wengi walikuwa wameachwa bila malipo na bila ghala la kutegemea. Katika siku za mwanzo za Mumia, mgeni ndiye aliyebisha hodi kwa mkulima wa Wanga akitafuta chakula. Hali hiyo ilianza kugeuka yeye mwenyewe akiwa bado kwenye kiti.