Ge Hong: Mganga wa kale aliyeturithisha dawa ya malaria

MKAZI wa Nyayo Highrise arejeaye Nairobi kutoka Busia au Siaya akiwa na homa, akapimwa damu na kupatikana na malaria, aghalabu hupewa vidonge vya Coartem. Ni wachache wajuao kwamba nasaba ya vidonge hivyo inamfikia mganga Mchina aliyeaga dunia karibu miaka 1,700 iliyopita.

Ge Hong alizaliwa mwaka wa 283 huko Jurong, mashariki mwa China. Alifiwa na babake akiwa na umri wa miaka 13, ukoo wake wenye vyeo ukafukarika, naye akawa akichanja kuni na kuziuza ili anunue karatasi na wino.

Ajabu ni kwamba kilichomshughulisha zaidi hakikuwa malaria. Alitafuta dawa ya kuishi milele, akiamini ingepatikana kwa kuchoma madini ya zebaki. Alipofunga safari ya kusini kuyatafuta, mtawala wa Guangzhou alimzuia, akaishia Mlima Luofu, alikofariki yapata mwaka wa 343.

Kilichodumu ni kitabu chake cha tiba za dharura, chenye dawa ambazo hata maskini angezimudu. Kwa homa za vipindi aliagiza konzi moja ya qinghao, yaani artemisia, mmea wa jamii ya pakanga, ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha.

Mnamo 1971 mtafiti Tu Youyou wa Beijing, ambaye majaribio yake yalikuwa yakigonga mwamba, alisoma maelezo hayo akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Alitumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu. Sampuli nambari 191 iliangamiza vimelea vyote katika panya. Tu alituzwa Nobeli mwaka wa 2015.

Kiini cha dawa hiyo, artemisinini, kina atomi mbili za oksijeni zilizoungana kama daraja. Kimelea kinapomeng'enya damu, chuma kilichomo hulivunja daraja hilo, na vipande vyake hukiua.

Kenya iliidhinisha tiba hii mwaka wa 2004. Hata hivyo, wapo wanaokunywa chai ya majani ya artemisia badala ya vidonge, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani halikubaliani nalo. Kiasi cha dawa majanini hubadilika, tena artemisinini hutoka mwilini baada ya saa chache. Katika Coartem, lumefantrini hubaki ikimalizia vimelea vilivyosalia, chaini haimo. Nchini Uganda na Rwanda, tayari vimethibitishwa vimelea vinavyochelewa kufa.